Mguu Mfupi wa Mama Faustina

Faustina alimchukia Mwalimu Humphrey kwa moyo wake wote. Mchoro wa mama yake akichimba tangawizi nyuma ya nyumba, uliomlia asubuhi tatu za likizo kijijini kwao Mamba, ulikuwa umerudi na duara jekundu kwenye goti. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika: "Mguu huu ni mfupi. Rudia." Tena kwa wino! Juu ya penseli! Hata ufutio haukuwa na la kufanya.

"Kwani mama yako ni mlemavu?" Shedrack aliuliza kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

"Mwenye matatizo ni wewe, na macho yako hayo," Faustina akamjibu.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyewaimbia tangu mwaka wa kwanza, pale chuoni Same mjini: chora unachokiona, usichore unachokijua. Faustina alimwamini. Aliziacha nyuso nzuri za kwenye kalenda alizozoea kunakili, akajifunza kuangalia ndoo mpaka ndoo ikamchosha. Sasa amemwangalia mama yake vilevile alivyofundishwa, mguu mmoja juu umekunjwa, mwingine chini umenyooka, halafu anaambiwa kakosea. Na mchoro huo ndio wa mtihani. Akishindwa atarudia mwaka, na baba yake alishasema mwaka wa kurudia haupo, shamba lipo.

"Mwalimu, ndivyo anavyosimama."

"Hakuna mtu anayesimama hivyo, binti. Jumatatu si zamu yako? Mlete huyo mama tumpime."

Chuo hakikuwa na watu wa kukaa wachorwe, kwa hiyo kila mwanafunzi kwa zamu yake alileta mtu wa kwao.

Mama Faustina alishuka na gari la alfajiri, amevaa kitenge cha kanisani, jembe amelizungushia gunia. Mwalimu akamsimamisha katikati ya darasa, kwenye sakafu ya saruji, akamwambia ainue jembe kana kwamba analima. Kisha akaanza kumpanga, akisukuma viatu vya mama kwa ncha ya kiatu chake mpaka miguu ikalingana. Kiti ndicho husogezwa hivyo, siyo mama wa mtu.

"Mwalimu, hapa ni tambarare," mama alisema kwa adabu. "Nitalimaje?"

Wakacheka tena.

"Usitikisike, mama." Humphrey akafumba jicho moja, akanyoosha penseli, akapima. "Mmeona? Miguu iko sawasawa."

Faustina akautazama mchoro wake uliobandikwa ubaoni. Jembe lipo, mgongo upo, miguu ipo, na chini ya miguu karatasi tupu. Hakuchora ardhi! Kwao nani anahangaika kuchora mteremko? Kule Mamba milimani, sufuria likikuponyoka shambani unalifuata kwa jirani wa chini. Mama mwenyewe aliuona mchoro ule akacheka kwa furaha, wala hakuuliza amesimama juu ya nini. Faustina akajikasirikia kwa upumbavu wake, kisha akamkasirikia zaidi mwalimu, aliyekaa Same miaka tisa akiitazama milima kupitia dirishani bila kuipanda hata siku moja.

Akainuka bila kuomba ruhusa, akaenda ubaoni, akavuta mstari mmoja wa mshazari kutoka wayo wa juu hadi wayo wa chini. Penseli nusura itoboe karatasi. Mguu ukaacha kuwa mfupi. Mwanamke yule alikuwa amejikita mlimani, analima.

Wanafunzi wakasogea, mwalimu naye akaja akautazama kwa karibu.

"Haya, umepita," alisema. "Mnaona jinsi kusahihishwa kunavyosaidia?"

Kusahihishwa! Faustina akageuka amjibu, na safari hii alikusudia kumpa yote yaliyokuwa moyoni.

Nyuma ya migongo ya wote waliojazana ubaoni, mama yake alikuwa bado amesimama peke yake kwenye saruji, miguu imelinganishwa, jembe liko juu, mikono inamtetemeka. Hakuna aliyemwambia apumzike. Alikuwa akimtazama mwanawe, akingoja ruhusa.