Chumvi Iliyowasha Balbu

Baba yangu alikuwa fundi wa kuyeyusha shaba na alumini pale mtaa wa Laini Saba, na kwa mambo ya moto hakuwa anashauriwa na mtu. Nilipoingia kidato cha tatu akaamua niache shule, nikakae kwa shangazi kule Kawangware nijifunze cherehani. Nililia, nikagoma kula. Nina kichwa ngumu, sikatai, nimemrithi yeye. Mwishowe akasema, "Haya, msomi. Nionyeshe kitu kimoja cha moto ambacho shule inajua na mimi sijui. Ukishindwa, Jumatatu unaenda kwa shangazi."

Nikachagua kitu ambacho mwalimu wa kemia alikuwa ametuchorea ubaoni tu: kutoa metali kwenye oksidi yake kwa stima, yaani umeme, ndani ya chumvi iliyoyeyuka. Shaba hata mkaa huitoa, alisema, lakini kuna metali adimu zisizosikia mkaa, na hizo hutolewa hivyo.

Jumamosi nikajaza chumvi ya kupikia kwenye kikombe cha chuma, Baba akavukuta moto. Chumvi ikaanza kuruka pa! pa! "Yawa, inatufukuza!" akacheka, na majirani waliokuja kutazama wakacheka naye. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu ikatulia, ikawa nyekundu, ikalegea, ikawa maji safi unayoona mpaka chini.

Shaba ikigongwa hudondosha magamba meusi, ndiyo oksidi yake, ambayo Baba alikuwa akiyafagia tu. Nikayafunga kwenye chujio la waya, nikaliunga upande wa hasi wa betri yetu ya TV. Upande wa chanya nikaunga kijiti cheusi kilichotoka ndani ya betri ya redio, na katikati balbu ya gari. Nikavichovya vyote viwili kwenye ile chumvi.

Balbu ikawaka. Mungu wangu, chumvi! Hii tunayotia kwenye mboga, inapitisha stima! Nilikuwa nimeyakariri hayo yote, lakini sikuwa nimeyaona. Hewa ikanuka dawa ya maji ya bomba, kali, tukahamia upande wa upepo.

Chujio lilipopoa nikaliosha kwenye karai. Magamba yalikuwa mekundu. Si yote, lakini mekundu kweli. Baba akachukua moja, akaliweka juu ya fuawe, akaligonga. Gamba jeusi huvunjika vipande. Hili likatandazika kama shaba.

Kisha akachota ule unga wa kijivu unaobaki akiyeyusha sufuria kuukuu za alumini, akaniletea kiganjani. "Na hii? Hii inatoka vipi?"

Baba hakuwa amewahi kuniuliza kitu asichokijua.

"Sijui," nikamwambia. "Hatujafika hapo."

"Basi Jumatatu nenda shule ukaulize."