Mishi, aliyeuliza kinu kilitwanga nini

Mkono wangu unakataa kuandika neno marehemu mbele ya jina la Mishi. Tangu asubuhi nimeliandika na kulifuta mara tatu.

Tulimzika jana kwao Msambweni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kwa wasiomjua, Mishi alikuwa afisa lishe kwenye kliniki moja ya watoto huku Kwale, miaka ile ya mwisho ya tisini. Alikuwa rafiki yangu. Kabla ya urafiki, alikuwa mtu pekee aliyeniamini.

Nilikuwa nimetoka Kitui, nasafisha vyumba katika hoteli ya Diani, nimepanga chumba Tiwi. Binti yangu Mutheu alikuwa na miaka mitatu. Akila karanga alivimba midomo na macho, na siku moja pumzi ilimkatika tukamkimbiza kudungwa sindano.

Karanga nikaziacha kabisa. Akavimba tena, safari hii kwa kisamvu. Nikaacha kisamvu. Akavimba kwa samaki wa kupaka, nikaacha samaki. Mwishowe mwanangu alikuwa anakula ugali na chumvi, na mbavu zake zilikuwa zinahesabika.

Kliniki walinipa karatasi ya Kiingereza. Usimpe peanut butter, usimpe cookies, soma label. Label gani? Kisamvu nilikichuma nyuma ya nyumba.

Niliporudi kulalamika, mkubwa wa kliniki alinijibu mbele ya foleni nzima ya akina mama. Alisema allergy ni ugonjwa wa wazungu wa huko mahotelini. "Wewe mama, mlishe mtoto."

Wanawake kwenye benchi walinigeukia wote. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Mishi alikuwa kwenye mizani, anapima watoto. Aliendelea kupima. Lakini mchana wa siku hiyohiyo nilisikia hodi, nikamkuta mlangoni, viatu mkononi, ametembea kutoka barabara kuu kwenye matope.

Hakuniuliza mtoto anakula nini. Aliomba kuliona jiko. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akaniambia nipike kama vile yeye hayupo. Nikaanza kutwanga vitunguu saumu.

"Kinu hiki cha nani?"

Nikamwambia ni cha Bi Mwanasha, mwenye nyumba, ila wapangaji wote tunakitumia.

"Na jana kilitwanga nini?"

Nikauweka mchi chini. Jirani yetu alikuwa anatengeneza kashata za karanga, na karanga zake alizitwanga humohumo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpokea akichoka. Kisha nikitwanga kisamvu cha mwanangu, na vitunguu vya samaki wa mwanangu, ndani ya kinu kilekile. Nilikuwa nakifuta kwa kitambaa tu.

Nililia sana. Mishi hakunibembeleza.

"Futa machozi, Mama Mutheu. Mtoto ana njaa. Kesho mlete kliniki, tuanze na samaki."

Alimrudishia vyakula kimoja kimoja, kidogo kidogo, daktari akiwa karibu, na kila mara tulikaa pale tukisubiri kabla ya kurudi nyumbani.

Kikabaki kinu. Nyinyi wa pwani mnajua, mpangaji akikataa kinu cha mwenye nyumba ni kama amemwambia ni mchafu. Mishi alikuja na kinu kidogo kutoka kwa mamake, amekifunga kitambaa chekundu. Hakunipa mimi. Alimwamkia Bi Mwanasha shikamoo, akamuulizia jamaa zake wote mmoja mmoja, chai ikanywewa ikaisha, ndipo akamwomba amtunzie kinu cha mtoto.

Bi Mwanasha alikilinda kama mahari ya bintiye. Hata mimi nilikuwa naulizwa kama nimenawa mikono.

Mutheu akanenepa. Mishi akapewa barua ya show cause, ajieleze kwa nini alitoka kazini bila ruhusa. Baadaye akaondolewa kliniki, akapelekwa stoo kulinda magunia ya unga. Mtu aliyesomea lishe! Aliendelea kuingia jikoni mwa watu siku zake za off, Tiwi mpaka Shimoni, na hakuna aliyemtuma.

Leo asubuhi nimefungua simu, namwona yule yule mkubwa ameandika kwenye ukurasa wa rambirambi wa familia kwamba Mishi alikuwa "our pioneer", eti mwanzilishi wao, na moyo mwekundu pembeni. Mzee, sikutaji, lakini unajijua. Hukuwahi kumwomba radhi. Futa maneno yako, au andika na ile barua uliyompa.

Na wewe Mishi, nina hasira nawe pia. Mwaka mzima ulijua moyo wako ni mgonjwa. Kila nikikuuliza ulisema ni uchovu tu. Umefunua sufuria za watu wote wa huku, yako ukatuficha. Hilo sijakusamehe, na sijui nitakusamehe lini.

Lakini kuna jambo nilitaka kukupigia simu nikueleze, nikakumbuka.

Kesho ni hitima yako. Mutheu amekuja kutoka Mombasa, siku hizi ni mama wa watoto wawili. Nilimkuta uani kwenu na wanawake wanaoandaa viungo vya pilau, kinu kikubwa cha kuazima kiko katikati. Alikuwa ameushika mchi wa mama mmoja, taratibu, kwa adabu, anamuuliza jana kilitwanga nini.

"Karanga, mwanangu," yule mama akasema.

Hakuna aliyenung'unika. Waliondoa kinu, wakatuma mtu atafute kingine.

Lala sasa, mwenzangu. Yupo anayeuliza.