Shahidi Wangu wa Doonside

Chuo nilichosomea kina jengo ambamo wahitimu wenye wazo la biashara hupewa meza, mshauri na miezi michache ya kujaribu. Mimi niliingia na wazo la aplikesheni ya kuwakutanisha wahudumu wa wazee wanaokwenda zamu za alfajiri, wenye magari wawabebe wasio nayo. Katikati ya muhula tungepimwa: mwenye watumiaji angebaki, asiye nao angeondoka.

Mshauri alikuwa amenituma niwahoji watu. Nilikwenda kanisani kwetu, mtaa wa Guildford, ambako sisi wahamiaji husali kwa Kiswahili, nikawauliza akina mama wanaohudumia wazee mmoja mmoja baada ya ibada. Wote walikubali. "Tutatumia sana, mtoto wetu." Mmoja aliniombea palepale, mkono juu ya kichwa changu. Ujumbe wa maneno matatu naweza kuuchambua mpaka usingizi unikimbie, lakini majibu yale niliyapeleka chuoni kama yalivyo. Wanawake hawa ndio walionilea. Nilijua mtoto wa mwenzao akiwaletea jambo lake hawawezi kumwambia halifai. Tena lifti za kwenda kazini hazikuwasumbua: walikuwa na kikundi chao cha simu, mtu anatuma sauti, anajibiwa, basi.

Kwa siku ya kupimwa tuliambiwa kila mmoja aje na shahidi mmoja. Nilimwomba rafiki wa mama yangu, Mkongomani wa mtaa wa Doonside, aje aeleze shida ya kufika kazini. Nilimwomba hilo tu. Alitoka zamu ya usiku, akabadilisha sare kwenye choo cha stesheni, akatokea na kitenge na viatu vya Jumapili.

Mshauri alimuuliza kwa Kiingereza kama anatumia aplikesheni yangu.

"Kila siku," mama huyo akasema, kwa Kiingereza pia. "Huyu mtoto ana akili sana."

Watu walicheka kwa furaha. Yeye akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, bila kupunguza sauti, "Nimejibu muzuri?"

"Amesemaje?" mshauri akauliza.

"Anauliza kama kuna chai."

Wakamletea chai. Kiingereza chake kilimtosha kabisa kuelewa nilivyomtafsiri, na hakuwa ameomba chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akainywa yote, macho yake yakiwa kwangu.

Nilipewa nafasi ya kubaki. Nilimsindikiza mpaka kwenye treni nikapanda naye, kwa sababu sikuona ni kwa uso gani ningemuaga pale.

"Weye, shika simu yangu," akasema tulipokaa. "Niwekee ile kitu."

"Si lazima, Mama."

"Ni lazima. Nimesema kila siku, mbele ya wazungu. Unataka nikuwe muongo?"

Nikaiweka. Ilizunguka ikitafuta, kisha ikasema hakuna gari lolote karibu.

"Wengine wako wapi?"

"Hakuna wengine."

"Hata mama yako?"

"Hata yeye."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sasa kwa nini haukusema ni ya lazima? Jumapili nitasimama kanisani. Wote wataweka."

Niliwaona akilini, wanawake wale wote, wakifungua aplikesheni tupu kila alfajiri kwa ajili yangu, halafu wakituma sauti kwenye kikundi chao kama kawaida. Nikampigia mshauri nikiwa nimekaa kando yake. Nilimwambia hakuna anayeitumia, hata mmoja, na kwamba mama yule hakuwa ameomba chai. Alinishukuru kwa adabu, akasema nafasi atapewa mwingine.

Nilikata simu nikiwa mwepesi. Nilifikiri mama huyo angenisifu.

"Umeniaibisha," akasema. "Nilikusemea kama mtoto wangu. Sasa wale watu wananijua mimi kama muongo, na weye ndiye umesema ukweli."

Mimi ninayefikiria kila kitu, hilo halikuwa limenijia. Nikaanza kuomba radhi, akaniashiria ninyamaze. Abiria walikuwa wanatutazama. Alishuka Doonside bila kuniaga. Jumapili nilikaa benchi la nyuma kabisa kanisani, na wimbo wa mwisho ulipoanza nikatoka kabla mama huyo hajageuka.