Mkwe Aliyekataa Kula

Huko Khumbu, nchi ya Washerpa, juu kabisa milimani, mahali ambapo mti wa mwisho umeshabaki nyuma bondeni, hapakuwa na mtu mwenye mdomo kama Yangji. Alikuwa mjane mwenye nyumba ya kulaza wapanda milima katika kijiji cha Thamdur. Kila jioni, wageni wakishavua viatu na kulizunguka jiko la samadi, alisimama mbele yao na upawa mkononi akawahutubia. Hotuba ilikuwa ile ile, na ole wake mgeni aliyesinzia.

"Mlima haukimbii, basi na nyinyi msikimbie. Tembeeni polepole hadi muone haya. Hapa mtalala siku mbili, mtake msitake. Kesho pandeni hadi kwa watawa, mkalione ziwa, mpige picha zenu, halafu mrudi kulala hapa chini. Mkikutana njiani na yaki, ng'ombe wetu hawa wa manyoya marefu, simameni upande wa mlima, siyo wa korongo, maana yaki hajui kuomba radhi. Ukuta wa mawe ya sala uacheni mkono wa kuume. Maji kunyweni hata kama hamna kiu. Na kichwa kikiuma, semeni. Anayeficha kichwa, tunamteremsha akiwa maiti."

Wageni walicheka hapo mwisho. Yeye hakucheka. Nyuma ya ukali ule Yangji alikuwa mwoga, na uoga wake haukuwa wa mchezo. Alikuwa akipita kwenye ujia wa mbao akitega sikio kila mlango, asikie wanavyopumua. Ugonjwa wa vileleni, wenyewe wanauita leki, unaomkamata anayepanda haraka kwenye hewa haba, aliuogopa kuliko maporomoko ya theluji. Maporomoko angalau hupiga kelele.

Sasa, binti yake wa pekee, Doma, alikuwa ameolewa na Harkabir, kijana wa kabila la Kirai kutoka nchi za chini, kwenye mashamba ya mpunga. Yangji alitaka mkwe wa Kisherpa. Harusini hakwenda; alisingizia wageni, na mwaka mzima akawa anamwita mkwewe "yule mla wali". Doma aliposhika mimba, wakafunga safari kuja kumwangukia mama. Walipofika Phungi, kijiji cha chini, Doma alichoka akabaki kwa shangazi yake. Harkabir akatangulia peke yake. Mkewe alimwambia alale njiani, lakini yeye aliona aibu. Atamwambia nini mama mkwe, kwamba mkwe wake amepumzika kama mzungu? Akapanda mbio, na alasiri ile ile akawa mlangoni Thamdur, ameinama kuigusa miguu ya Yangji.

Kwa Washerpa, mgeni akikaribishwa chakula hukataa. Akishurutishwa hukataa tena. Mara ya tatu ndipo hupokea, na anayepokea mara ya kwanza huonekana mlafi asiye na kwao. Doma alikuwa amemfunza mumewe somo hilo hadi akaliota usingizini.

"Kunywa chai, mwanangu," alisema Yangji, akimimina ile ya chumvi na siagi.

"Hapana, mama. Nimetosheka."

"Kunywa, nimesema."

"Kweli mama, siwezi."

Mara ya tatu alikataa. Mara ya nne akakataa. Yangji akamjazia kikombe, naye akalowesha midomo tu. Usiku, mkate wa viazi ulikuwa vile vile. Asubuhi, uji vile vile. Moyo wa mama mkwe ukaanza kulainika kama siagi karibu na jiko.

"Umeona adabu hiyo?" alimwambia Phurba, jirani yake mchunga yaki, aliyekuja kuota moto. "Nasi tukidhani ni mla wali tu."

"Anakushinda wewe, dada," alisema Phurba. "Siku ulipokuja kuolewa hapa, ulikataa mara ngapi? Mimi nilikuwepo. Ulinyoosha mkono sahani ikiwa bado jikoni."

"Nyamaza wewe, unanuka yaki."

Walicheka sana. Pembeni alikaa Katrin, mgeni mmoja aliyekuwa akitimiza siku yake ya pili ya kupumzika kama alivyoamriwa. Huyu alikuwa na Kinepali cha kuokoteza, na hakucheka.

"Mama Yangji," alisema, "yule kijana hajala tangu jana. Ni mgonjwa?"

"Mgonjwa wapi! Ni desturi yetu. Anakataa kwa adabu."

"Na mtu akiwa hataki kweli, anasemaje?"

Yangji aliligeuza swali kichwani. Asiyetaka husema hapana. Mwenye adabu husema hapana. Ni hapana ile ile. Na leki huanza kwa kumnyima mtu hamu ya kula. Akauweka upawa chini, akatoka nje bila hata kujifunga shali.

Harkabir alikuwa ameketi juani, ameegemea ukuta, anahangaika kuvaa glovu. Alikuwa akiuingiza mkono wa kushoto kwenye glovu ya kulia, anautoa, anauingiza tena.

"Kichwa kinakuuma, mwanangu?"

"Hapana, mama," alisema, akatabasamu.

Yangji alimpokonya glovu. Hapana gani hii? "Simama. Nenda mpaka pale kwenye pipa la maji, urudi."

Alisimama. Akaenda upande kama aliyetoka kilabuni, akalikosa pipa, akapiga magoti. Yangji alimwinamia, na kila pumzi ya kijana ilikuwa na mlio ndani yake, kama sufuria inayotokota kwa mbali.

Alipiga simu kuita helikopta, akajibiwa kwamba bonde lote limejaa wingu, hakuna rubani atakayeruka. Akampigia Doma. Alisema maneno machache tu na kukata kabla binti hajauliza. Phurba naye hakungoja kuambiwa. Alichukua kapu lake kubwa la kubebea samadi, akalikata ubavu mmoja kwa kisu ili mtu aweze kukaa ndani na kuning'iniza miguu. Wakamfunga Harkabir kwa blanketi, Phurba akapitisha kamba ya kapu kwenye paji la uso, akainuka.

Waliteremka ndani ya wingu. Njia haikuonekana hatua tano mbele, na upande mmoja ulikuwa korongo lenye mto wanaousikia tu. Yangji alishika ukingo wa kapu.

"Sema nami, Harkabir. Mpunga wenu mnavuna lini?"

Alijibu kitu kwa Kirai. Hakuna aliyekielewa. Yangji akauliza tena, juu ya mama yake, juu ya ng'ombe wao, juu ya mtoto atakayezaliwa. Majibu yakawa mafupi, kisha yakawa miguno, kisha ukabaki mlio wa kifua peke yake.

"Dada, bado anapumua?" aliuliza Phurba, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kugeuka.

"Anapumua. Tembea."

Hakuwa na hakika. Alikuwa ameuingiza mkono chini ya blanketi, asijue kama kinachopanda na kushuka ni kifua cha kijana au ni mwendo wa kapu. Aliomba sala zote alizozijua, na zilipokwisha akaanza upya.

Walipoifikia miti ya kwanza, sauti ziliita kutoka chini. Doma alikuwa anapanda, tumbo mbele, pamoja na mganga wa zahanati ya Phungi aliyebeba mtungi wa hewa mgongoni. Walimlaza Harkabir juu ya majani ya misonobari na kumvika kifuniko cha hewa usoni. Wakangoja. Hatimaye akakohoa povu, akafumbua macho, akalitaja jina la mkewe. Mganga alisema wasiache kushuka, na kwamba wangechelewa kidogo tu, wangemzika.

Doma alikuwa amekipakata kichwa cha mumewe. Hakulia. Alimtazama mama yake.

"Ile hotuba yako, mama. Kila anayepita Thamdur anaijua. Yeye hukumwambia?"

"Ile ni ya wageni," alisema Yangji. "Huyu nilimwona wetu."

Tangu siku ya harusi Doma alikuwa akilingoja neno hilo litoke kinywani mwa mama yake. Sasa lilipotoka, hakuinua uso. Kiganja chake kilikuwa juu ya kifua cha mumewe, na alikuwa anaingojea pumzi inayofuata.