Vumbi la Baba Moraa

Haya yalinipata mimi mwenyewe, alasiri, nikiwa macho, na tumboni sina kitu zaidi ya chai na ndizi za kuchemsha. Nayasema mapema kwa sababu watu wa kwetu Tabaka wakisikia kisa cha mjane hukimbilia kusema ni mawazo. Sawa, yawe mawazo. Lakini mawazo huacha vumbi kwenye leso?

Ngoja nikueleze kazi yetu kwanza, maana bila hiyo hutaelewa nilikosea wapi. Kwetu mwanamume huchonga jiwe la sabuni kwa panga na kisu, na mwanamke hulisugua kwa msasa ndani ya karai la maji mpaka liwe laini. Jiwe kavu ni jeupe tu, limefunikwa na unga wake. Likilowa ndipo rangi yake inatokea, ya waridi au kijivu. Mume wangu, Baba Moraa, akimaliza kuchonga alikuwa mweupe kuanzia kope mpaka vidole vya miguu. Kila jioni, kabla sijamwaga maji ya karai, nilichovya ncha ya leso nikampangusa uso.

"Unanisugua kama kinyago cha kuuza," alikuwa akisema.

Nilicheka, lakini moyoni niliogopa. Vumbi lile lilikuwa linamwingia kifuani, na mwishowe ndilo lililomuua. Siku ya mazishi nilimtazama ndani ya jeneza, mikono safi kama ya karani. Sikuijua mikono ile.

Tulikuwa na mpango, yeye na mimi: tubebe begi mgongoni, tubebe hema, tulizunguke Ziwa Simbi kwa miguu. Ni ziwa la volkano, liko kule chini upande wa Kendu Bay, mviringo kama karai, na maji yake ni ya kijani. Aliliona siku moja alipopeleka vinyago, akarudi analisifu kama mtu aliyepata mchumba wa pili. Begi alilinunua mwenyewe, la mtumba, lenye mifuko mingi. Hatukwenda. Begi likaning'inia ukutani hadi wifi yangu Kemunto, dada yake, aliposema, "Wifi, ama tulibebe ama tulichome. Mimi sitalitazama Krismasi nyingine." Tukalibeba.

Na ziwa ni zuri, sikudanganyi. Njia inafuata ukingo juu, na chini unawaona ndege wamesimama majini kwa mguu mmoja. Wenye nguvu nendeni. Vaeni tu viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu. Vyangu vilikuwa vipya, vikanichuna kisigino, nikateremka kukaa kwenye mwamba mweusi karibu na maji. Kemunto akatangulia kutafuta mahali pa hema. Manyunyu yakaanza.

Kisha nikasikia krr, krr, kisu juu ya jiwe. Unaweza kuisahau sauti iliyokulisha miaka yote? Niligeuka. Baba Moraa alikuwa ameketi karibu yangu, goti juu, kinyago kidogo mkononi, mweupe pepepe. Manyunyu yalinilowesha mimi na mwamba. Yeye hakuwa na hata tone.

"Mama Moraa, umechelewa," akasema. "Ulikuwa unangoja uletewe punda?"

Mdomo ukajibu wenyewe, kwa mazoea. "Nilikuwa nimebeba begi lako, mvivu wewe."

Akacheka. Hakukohoa. Hilo ndilo lililonivunja: alicheka mpaka mwisho wa kicheko chake, bila kukohoa.

"Moraa bado anamwaga uji nyuma ya nyumba?"

"Bado. Na mbwa amenona."

Akacheka tena, kisha akaweka kisu chini. "Kaa, omong'ina." Huko kwetu ndivyo mama mzee anavyoitwa, naye aliniita hivyo tangu nikiwa msichana. "Kaa tu hapa. Leo usinipanguse."

Nilidhani ni utani wetu ule ule. Niamini, mkono ulikuwa umeshaondoka. Leso ilikuwa imelowa, na vumbi lilikuwa pale kwenye kope, pale puani, kwenye njia ile ile liliyopitia kumuua. Ningeliachaje? Nikapangusa paji la uso wake. Mahali leso ilipopita hapakutokea ngozi. Niliona maji ya ziwa, ya kijani, na ndege mmoja akiruka.

Nikarudisha mkono haraka, lakini manyunyu yalikuwa yamepata mlango. Yalimchukua polepole, bega, kisha kifua, kama unga unaooshwa ubaoni.

"Wewe na usafi wako," akasema, bila hasira, kwa sauti ya jioni zetu.

Nikamfunika kichwa kwa viganja viwili ili asilowe. Umewahi kuzuia mvua kwa viganja?

Kemunto alinikuta nimenyoosha mikono. "Wifi, unafunika nini?"

Nikampa leso. Mwamba wote pale ni mweusi, hutaokota jiwe jeupe. Lakini kwenye leso uliganda unga wa Tabaka. Kemunto amekulia machimboni, hakuhitaji kuelezwa. Aliunusa, akaketi, akaita jina la kaka yake kuelekea majini mpaka sauti ikamkauka.

Bado nasugua mawe, kwa kuwa Moraa lazima ale. Ila kinyago chenye uso wa mtu siwezi, nampelekea jirani. Leso ile nimeifungia sandukuni, haijaguswa na maji tena. Wingu likitanda, wenzangu hukimbilia mahindi waliyoanika. Mimi hukimbilia chumbani kutazama kama paa linavuja juu ya sanduku.

Nenda ziwani, msomaji wangu, sikukatazi. Lakini ukimkuta mtu wako kule, awe na tope, awe na nguo iliyochanika, usimtengeneze. Hata kifungo usimfunge. Kaa kando yake, mzungumze habari za uji na mbwa, mpaka aondoke mwenyewe. Mimi niliambiwa nikae, nikapangusa.