Kanda ya Mazishi ya Kaka

Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na televisheni zikaanza kuingia majumbani, nilifungua duka la kukodisha kanda za video Arusha mjini. Nilikuwa mjuaji, sifichi. Mteja akiingia hachagui mwenyewe. Ananiuliza ipi nzuri, nami namwambia papo hapo. Filamu za Kihindi nilizipenda kwa nyimbo, lakini stelingi apigwe risasi tano kisha apate nguvu ya kumwimbia mama yake, hapo nilichefuka. Za Kinaijeria nilizikubali zaidi. Wale watu wanajua kugombana. Tamthilia za Kimeksiko nilizitukana kila jioni na sikukosa hata moja.

Hasira yangu kubwa ilikuwa kwenye kilio. Niliamini kilio ndicho kipimo cha mwigizaji. Mwanamke amefiwa na mume, anatoa machozi mawili na wanja uko pale pale? Nilikuwa nazima deki mbele ya wateja. “Huyu hana uchungu,” nasema, nao wanacheka, na kanda ile haitoki rafuni wiki nzima.

Kaka yangu wa pekee alifariki baada ya kukohoa karibu mwaka mzima. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja, tulisema kifua. Aliacha mke, binti wa miaka tisa, mtoto mwingine aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, na nyumba ya Elerai aliyoijenga chumba kimoja kimoja. Wifi yangu alikuwa Mwarusha wa Kisongo, sisi ni Wameru, na wazee wetu hawakuwahi kulimeza vizuri jambo hilo. Yeye ndiye aliyemwogesha kaka, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka kila siku. Mimi nilikwenda Jumapili baada ya ibada, nakaa kidogo, naondoka.

Tulimzika nyumbani, juu ya Usa River, katikati ya migomba ya baba. Wakati huo kupiga video mazishi kulikuwa kumeshika kasi, na familia isiyoleta mpiga video ilionekana haikumheshimu marehemu. Nilimleta mimi. Alikuwa mtu wa harusi, akapiga mazishi vile vile alivyozoea kupiga harusi: sufuria za pilau, wageni wakishuka kwenye magari, kofia za akina mama. Mtu akiangua kilio, kamera inamkimbilia.

Wiki tatu baadaye ukoo ulikutana mchana sebuleni kwa mama, kuzungumza habari ya mjane, watoto na nyumba. Baba mkubwa akasema tuanze kwa kuitazama kanda, kwa kuwa wengine hawakuwahi mazishi. Wifi alikuwa jikoni, anachemsha chai ya kikao hicho hicho. Deki nilikuja nayo kutoka dukani. Nikabonyeza.

Tulianza kwa adabu, vichwa chini. Hazikupita dakika kumi watu wakawa wanasema “mwone yule” na “hebu rudisha nyuma kidogo”. Tulikuwa tumesahau kwamba ni kaka yangu aliyekuwa ndani ya lile sanduku. Tulikuwa tunatazama picha. Na kila wifi alipotokea, macho yake yalikuwa makavu. Amesimama kando ya kaburi, binti amemshika mkono, mdogo yuko mgongoni, anatazama udongo. Jeneza linashuka, halii. Anaitwa kuweka shada, anaweka, halii. Shangazi zangu wakaanza kunong’ona.

Baba mkubwa akanigeukia. “Wewe ndiye unayezijua hizi picha. Unamwonaje huyu?”

Ningeweza kuwaambia juu ya mashuka. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilipenda kuulizwa, huo ndio ukweli, na mdomo wangu ukatoa kile ulichozoea.

“Huyu hana uchungu,” nikasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Baba mkubwa aliitikia kwa kichwa taratibu, na baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mke asiye na uchungu lazima anajua kitu kuhusu kifo cha mumewe. Lazima kuna mwanamume mwingine. Nyumba ya mtoto wetu haiwezi kubaki kwa mtu kama huyo. Mwezi haukuisha, akarudishwa Kisongo kwa kaka zake, na watoto wake wawili na magunia mawili ya nguo. Alipitia dukani kuniaga. “Wifi, ubaki salama,” alisema. Nilimpa mgongo, nikajifanya napanga kanda.

Yule mdogo alifariki mwaka uliofuata. Mama yake naye hakukaa sana, akamfuata. Nilituma sukari na kanga msibani, mwenyewe sikwenda. Nilimwogopa maiti.

Kanda zilipoanza kufukuzwa na sidii, nilifunga duka. Nilikuwa nyumbani siku ambayo binti yao alikuja, mtu mzima sasa, mrefu kama kaka. “Shikamoo shangazi,” alisema, akakataa chai. “Sina picha hata moja ya mama. Nimesikia yumo kwenye kanda ya mazishi ya baba.”

Deki ilikuwa bado inafanya kazi. Tukakaa. Katika saa mbili za kanda ile wifi anaonekana mara nne tu, kwa sababu mpiga video alikuwa na kazi na waliolia. Kila alipotokea, binti aliniomba nisimamishe. Kanda ikisimamishwa inatetemeka, mistari myeupe inapita usoni, naye akasogea akapiga magoti karibu kabisa na kioo.

“Hapa alikuwa ananiminya vidole,” akasema. “Asubuhi ile alituambia, leo msilie, na mimi silii. Alisema akianza hataweza kunyamaza, ataanguka, na sisi nani atatushika.”

Nikaiachia kanda iendelee. Kamera ikamwacha wifi, ikamkimbilia mwanamke aliyekuwa analia kwa sauti, naye akajitupa juu ya udongo wa kaburi, mtandio umemfunika uso, watu wawili wanamvuta. Lakini kabla hajajitupa alikuwa ameinua kichwa. Kidogo tu. Alikuwa anatafuta kamera iko wapi. Mimi, niliyejifanya hakuna kinachonipita kwenye picha, siku ya kikao sikuliona hilo.

“Huyu ni nani?” binti akauliza. “Alimpenda sana baba.”

“Ni mimi.”

Alinitazama, kisha akageukia televisheni.

“Nirudishie pale kwa mama,” akasema.