Gololi Saba za Jikoni kwa Bibi Skolastika

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sinia la gololi na kuambiwa nizipange. Nilikuwa binti niliyetoka kumaliza kidato cha nne, nimevaa sketi ya kuazima, na ghala la vitu vya kale pale Morogoro Mjini lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye rafu za mbao na harufu ya dawa ya mchwa. Padri mmoja wa Kizungu, mkusanyaji wa vitu vya kuchezea watoto, alikuwa amefariki na kutuachia gololi ndoo nzima. Nilizipanga kwa rangi, nyekundu huku, buluu kule, nikajiona nimemaliza kazi. Mtunza Ghala Mkuu akaja, akazitazama, akazichanganya zote upya kwa kiganja chake.

"Rangi itakudanganya kila siku, binti," alisema. "Tafuta kitovu."

Ndilo jina tulilolitumia pale ghalani. Gololi za zamani kabisa, zilizotengenezwa kwa mkono huko Ujerumani, zilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye ufito wa kioo cha moto chenye nyuzi za rangi ndani yake. Pale mkasi ulipopita hubaki kovu dogo, moja juu na moja chini, na ukilipitisha kidole unalisikia kabla ya kuliona. Gololi ya mashine haina kitovu. Kipande cha kioo huangukia kati ya vyuma viwili vinavyozunguka, kikatoka mviringo safi. Halafu kuna jicho la paka, ile yenye jani la rangi katikati ya kioo kiangavu. Hiyo ilianza kuja baada ya vita kuu ya pili, za mwanzo zikitoka Japani, na kioo chake kina ukijani kidogo. Vijana mnaonisoma mnaipiga gololi picha na simu inawajibu. Sawa, lakini simu haina kidole, na mimi nilishika gololi miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kuandika neno moja kwenye daftari la usajili.

Baadaye nilihamishiwa Gairo, chini ya Ofisa Utamaduni aliyejali saa ya kufika kazini kuliko kazi yenyewe. Nilichukia kwenda, nakiri. Ila sokoni Gairo, katikati ya magunia ya mahindi na karanga, walikuwa wakiuza gololi mpya za Kichina kwenye vifuko vya wavu, na kwa kuzinunua na kuzichunguza nilijifunza gololi za mashine zaidi ya nilivyojifunza ghalani. Niliporudi mjini nilikuwa Msajili, na Mtunza Ghala Mkuu alikuwa mwingine, mtu mpole aliyependa ripoti fupi.

Ndipo ilipokuja barua kutoka baraza la kijiji kimoja juu kule Matombo. Bibi Skolastika alikuwa akigombea kiwanja na Deusi, mtoto wa marehemu kaka yake. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo kama jiko la kale lililokuwa kiwanjani hapo lilikuwa la nyanya mzaa mama wa Bibi Skolastika, kiwanja ni cha ukoo na yeye ndiye mwenye sauti. Deusi alisema hapakuwa na jiko lolote pale kabla ya baba yake kujenga, miaka ya baada ya uhuru. Katika sakafu ya udongo ya jiko hilo zilikuwa zimeonekana gololi, na baraza lilitaka kujua ni za lini.

Hapa ndipo nilipokosea, na sina wa kumsingizia. Barabara ya Matombo ilikuwa mbovu kwa mvua, nami nilitaka kwenda na kurudi siku moja. Nikapiga simu kijijini nikawaambia wazichimbue, wazioshe, nizikute tayari. Wanawake wa kule mgeni akisema jambo hulifanya na kuongeza. Nilikuta sakafu imefukuliwa yote, udongo umezolewa, hata mashimo yamesiribwa upya nisije nikachafua viatu, na gololi saba ziko kwenye bakuli zinang'aa. Bibi Skolastika alinipikia ndizi, akaniita mwanangu. Gololi sita zilikuwa na vitovu. Ya saba ilikuwa jicho la paka.

Niliandika kwamba jiko ni la enzi ya Mjerumani, na kwamba ile ya saba iliingia baadaye kupitia ufa. Ufa wenyewe sikuuona. Niliuandika kwa sababu nilimpenda yule mama.

Kwa wiki nzima niliirudia ripoti ile kichwani. Gololi ya Mjerumani inaweza kukaa mfukoni mwa watoto vizazi viwili ndipo ipotee, kwa hiyo umri wake si umri wa sakafu. Sakafu ya udongo husiribwa mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka. Laiti ningejua kila gololi ilikuwa tabaka lipi, ningeweza kusema neno. Kama jicho la paka lilikuwa juu na zile sita chini kabisa, Bibi alikuwa na haki. Kama zote zilikuwa pamoja, sakafu haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko ile changa. Sasa hayo yote yalikuwa yamezolewa kwa jembe, kwa amri yangu mimi.

Nilimweleza Mtunza Ghala Mkuu. Aliniangalia kwa huruma, akaniambia ripoti imeshagongwa muhuri, na kama moyo unanisuta niende kuungama, yaishe. Nilimjibu kwamba nitapanda Matombo, kwa ruhusa yake au kwa likizo yangu. Akanipa likizo.

Mbele ya baraza nilisema kwamba ripoti yangu si ya kutegemewa, kwamba ufa niliutunga, na kwamba gololi zile haziusaidii upande wowote. Deusi hakucheka, namsifu kwa hilo. Wazee walijadiliana hadi jua likawa la utosi. Bibi hakuwa na shahidi mwingine aliye hai, na kiwanja kikaenda kwa Deusi. Nilimfuata Bibi nje.

"Lile jiko ni la bibi yangu," alisema. "Mimi najua. Wewe hukujua, na umesema hukujua. Sina kinyongo. Ila leo usiniamkie."

Nikashuka na bodaboda nikilia mpaka barabara kuu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa kitu kabla yangu. Nilienda vijiji vingi nikawa kero: kitu kiachwe kilipo, nikikute na udongo wake, hata kama nitalala huko siku tatu. Wasaidizi wangu waliniita Mama Msiguse, wakidhani sijui. Nilistaafu nikiwa na jina hilo na nalipenda.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwangu nilipigiwa simu. Alikuwa Bibi Skolastika, kwa simu ya mjukuu wake. Alikuwa amejenga jiko jipya kwenye shamba la juu, na mjukuu akifagia aliona gololi imezama kwenye sakafu. Nikamwambia sina tena ofisi wala muhuri.

"Sijaigusa," alisema. "Nimeifunikia chungu. Njoo uione ilipo."

Nilipanda kesho yake. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akafunua chungu. Nilipiga magoti, magoti haya yanayouma, nikaondoa udongo kwa ncha ya kisu, nikapitisha kidole. Haikuwa na kitovu. Ilikuwa ya Kichina, mpya kabisa, bila shaka ya mjukuu yule yule.

"Ni ya juzi tu, Bibi," nikamwambia.

"Haya," alisema. "Andika hivyo hivyo."